Amri ya Milango ya Nyuma

Ninyi mnaokaa sasa kwenye kiti changu pale redioni, hamjambo. Nimesikia mmekitupa, mmeweka kile chenye magurudumu. Sawa tu. Changu kilikuwa na mguu mmoja mfupi, nikawa nasoma nimeegemea upande wa kushoto, na mpaka leo bega langu moja limeshuka. Mtu akiniuliza kama nilipata pensheni, namwonyesha bega.

Hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, wananiita Mama Komunike. Jina langu ni Mauwa, lakini hata watoto niliowazaa wameshalisahau. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa moja: kusoma matangazo ya watu, zile komunike mnazozijua. Fulani amefariki Kazimia, ndugu zake wa Ubwari wafike. Mbuzi mweusi mwenye sikio lililokatwa amepotea. Kikao cha wazazi wa shule kimesogezwa mbele. Mkuu wenu amenijia akaniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tunafanya, na hasa habari ya ule mchezo wetu uliotuletea balaa. Nilimwambia kalamu si kazi yangu, yangu ni mdomo. Akasema niandike kama ninavyosema. Basi msije mkalalamika.

Nianze na majina. Msikimbize jina la marehemu. Anayewasikiliza hayuko studio, yuko jikoni, redio iko juu ya dirisha, kuku wanapita, watoto wanagombana. Akisikia jina la kwanza anageuza shingo. Akisikia jina la baba anaweka mwiko chini. Akisikia jina la kijiji ndipo anatafuta mahali pa kukaa. Mpeni nafasi kati ya hayo matatu. Nawasikia siku hizi mnayamwaga yote kwa pumzi moja kama mtu anayekimbia mvua, na huyo mama wa watu mnamwacha amesimama na mwiko.

Halafu kila komunike inasomwa mara mbili. Ukimaliza ya kwanza unasema "Narudia", unaanza upya neno kwa neno, bila kuongeza chumvi wala kupunguza. Haya alinifundisha Mwalimu Etabo. Alikuwa amefundisha Kifaransa shuleni mpaka sauti ikamkauka, akaja redioni kupumzika, akapata kazi nyingi kuliko alizoziacha. Alinikalisha mbele ya ukuta siku nzima nikiusomea ukuta. Jioni akaniambia, "Sasa soma kama unaambia muntu moja tu, na ule muntu anakupenda." Ndiyo siri yote ya sauti yangu. Sikuzaliwa nayo, nilipewa na mzee mwenye kikohozi.

Makosa nimefanya ya kutosha. Siku moja mtu, Baba Alimasi, aliniletea karatasi ya kifo cha jirani yake. Jina lake yeye aliyeandika lilikuwa juu, la marehemu lilikuwa chini. Mimi nikasoma la juu. Baba Alimasi hakuwa hata amefika kwake, alikuwa njiani anasukuma kinga, baiskeli yake. Alipofika alikuta mke wake chini, uani wamejaa akina mama, na sufuria kubwa ya msiba iko motoni. Kesho yake akanijia studio, hana hasira hata kidogo, ameshika kofia mkononi, anaomba nimfufue. Nikamfufua, mara mbili kama kawaida. Lakini shangazi yake alikuwa ameshapanda boti Kazimia. Akafika, akamwona mpwa wake amesimama mbele yake mzima, akamshika mikono yote miwili, na bado analia.

"Mi naona ni we," akamwambia, "lakini redio ilisema."

Nilicheka juma zima. Ningekuwa na akili ningeogopa, maana ndani ya maneno ya yule shangazi mlikuwa na yote yaliyokuja kutupata.

Sasa mchezo. Mwalimu Etabo aliingia asubuhi moja na daftari lenye jalada la bluu, akasema amebuni nchi. Akaiita Nchi ya Ndiyo, kwa sababu raia wake wanajibu neno hilo kwa kila kitu. Serikali ya nchi hiyo inataka kujua kila mtu amekula nini, ameongea na nani, ameota nini. Kila juma serikali inatoa amri moja, ndogo tu, isiyoumiza sana, na kila juma maisha yanabana kidogo. Tulipaswa kuicheza redioni, sehemu moja kila Jumatatu saa kumi, mara baada ya komunike zangu.

Mimi nilibisha. Nilimuuliza kwa nini ahangaike na nchi isiyokuwepo wakati hii yetu iko hapa na shida zake zinaonekana.

"Ile yenye inaonekana, muntu ameshaizobelea, haimushtue tena," akasema. "Mi nataka aone ile yenye inaweza kuja, wakati angali na nguvu ya kukatala."

Hilo nililielewa. Ni kama kuonja mchuzi kabla wageni hawajaketi: ukikuta umeharibika, bado kuna muda wa kufanya kitu.

Lakini daftari lenyewe, wajukuu, lilikuwa bovu. Mwalimu alikuwa amejaza mitambo. Kamera juu ya kila mti, mashine inayosikiliza ndani ya kuta, taa inayowaka mtu akisema uongo. Nikamwambia, Mwalimu, hapa Baraka taa yenyewe haiwaki hata mtu akisema kweli. Nani ataogopa mashine inayongoja umeme? Watu wetu wanaogopa karatasi, wanaogopa mtu mpole anayebisha hodi na kalamu. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akarudi na daftari jipya, mashine zote zimefutwa, na humo ndani mna mambo yaliyonisimamisha nywele. Shikeni hilo kama mnataka kuandika michezo ya namna hii. Nchi mbaya unayoibuni itembee kwenye njia zetu za kila siku, na mkubwa wake msimpe pembe. Mpeni adabu nzuri na kiti cha kumkaribishia mgeni.

Na sauti zake tulizitengeneza wenyewe. Buti za askari zilikuwa changarawe ndani ya bati la mafuta ya kupikia. Mvua ilikuwa maharage juu ya ungo. Mlango wa ofisi ya serikali ulikuwa mlango wa choo chetu, maana hakuna mlango uliolia vizuri kama ule. Ilibidi tuvute waya wa mikro, yaani kipaza sauti, mpaka nje na kumwomba aliyekuwa ndani avumilie kidogo.

Amri ya juma la tano ilihusu mlango wa nyuma. Mnajua nyumba zetu. Mlango wa mbele ni wa pasta na wageni wa Krismasi. Maisha yanapita nyuma: jiko liko nyuma, choo kiko nyuma, jirani anayeomba moto anaingia nyuma, binti aliyekosana na mumewe anarudi kwa mama yake kwa mlango wa nyuma. Serikali ya Nchi ya Ndiyo ilikuwa haioni nani anaingia kwa nani, kwa hiyo ikaamuru milango yote ya nyuma ipigwe misumari. Nilipoisoma ile sehemu nilimwambia Mwalimu kwamba sasa ameandika.

Aliyekuwa anasoma amri za mchezo alikuwa fundi mmoja wa kinga mwenye sauti nzito. Siku ya kurekodi hakuwepo, alikuwa ameenda Kazimia kwenye msiba ambao nilikuwa nimeutangaza mimi mwenyewe. Mwalimu akanisukumia karatasi. Nikamwambia sijui kuigiza. Akasema nisome tu. Nikasoma kwa namna niliyoijua, ile moja tu. Nikaanza na "Komunike". Nikasema serikali inawajulisha wananchi wote kwamba kufikia Ijumaa milango ya nyuma yote iwe imepigwa misumari, na atakayekutwa na mlango wa nyuma uliofunguka atajieleza mbele ya wakubwa. Nikasema "Narudia", nikarudia.

Mwalimu alipiga makofi. Alisema mwili ulimsisimka.

Jumatatu saa kumi nilimaliza komunike zangu, vifo viwili na mbuzi. Mchezo wetu ulikuwa unaanza na ngoma na sauti ya kusema kwamba hii ni hadithi. Ile kaseti ya ngoma ikamezwa na mashine. Mtu wa mitambo akanigeukia, akauliza aendelee bila mwanzo au asubiri. Nilimwambia aendelee, watu wameshaujua mchezo. Sentensi hiyo niliitamka mimi, na sijawahi kumtupia mwingine. Akaweka kaseti ya pili, sauti yangu ikatoka moja kwa moja baada ya mbuzi aliyepotea, ikasoma amri, ikarudia. Hapo betri ikafa. Ilikuwa wiki ya mawingu na sola hazikuwa na nguvu, tukanyamaza mpaka Jumatano.

Jumatano asubuhi nilimkuta mlangoni mzee mmoja mfugaji kutoka Bibokoboko, Mzee Muhire, ameegemea fimbo yake, miguu ina vumbi la safari nzima ya kuteremka mlima.

"Mama, mi nilikuya kuuliza," akasema. "Ule mulango wa nyuma, na wa zizi iko ndani? Juu ng'ombe zangu zinapitaka nyuma."

Nikacheka. Nikamwambia, mzee wangu, ule ni mchezo, hakuna amri yoyote. Naye akacheka, akasema alijiwazia kwamba serikali inayojua habari ya mlango wake wa nyuma ingeanza kwanza na barabara. Akaninywesha maziwa aliyokuja nayo, akapanda zake. Ni mtu mmoja tu katika eneo lote aliyeuliza kabla ya kutii, na mimi nikamwona wa kuchekesha. Haikunijia akilini kwamba kama yeye wa mbali alisikia, wa karibu walisikia pia, na hawakuja kuuliza.

Jumamosi akafika Mama Wabiwa. Alikuwa ametoka Ubwari kwa mtumbwi alfajiri, na hakuwa na ndagala wa kuuza, hata dagaa mmoja, jambo ambalo kwa mwanamke wa Ubwari ni dalili mbaya. Alisimama mbele yangu akafungua na kufunga kitenge chake.

"Mama Komunike, unisaidie. Walifunga kaka yangu."

"Nani alimufunga?"

"Komite ya milango."

Nikauliza ni komite gani hiyo. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kijijini kwao nyumba zote zilikuwa zimepigwa misumari siku ya Alhamisi. Misumari iliisha dukani, wakang'oa ya mitumbwi mibovu. Kisha wanaume kadhaa, seremala mmoja mbele yao, wakajiita komite wakawa wanakagua. Hakuna aliyewatuma. Assani, kaka yake Mama Wabiwa, ana mama yao mzee asiyeweza miguu. Kila mara alipohitaji choo ilibidi abebwe aizunguke nyumba nzima mbele ya macho ya watu. Ijumaa Assani akaleta nyundo akang'oa misumari ya mama yake. Komite ikamkamata, ikamfungia kwenye stoo ya nyavu, na Jumatatu wangemleta Baraka mbele ya mkubwa ili ajieleze, kama nilivyosema.

"Ni vile ulisema," Mama Wabiwa akaniambia. "Atajieleza mbele ya bakubwa."

Nchi ya Ndiyo ilikuwa ng'ambo ya maji pale, ina stoo, ina mfungwa, na aliyeianzisha ni mimi, kwa sauti ya kumwambia mtu mmoja anayenipenda.

Nilikimbia kwa mkubwa mmoja wa ofisi moja. Ofisi siitaji, na yeye alishahamishwa zamani. Nilidhani atanitukana. Alinikaribisha kiti, akanipa Fanta, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa upole.

"Kwa hiyo bantu walifunga milango, bila polisi, bila chochote?"

"Ndiyo, Mukubwa. Nataka nitangaze leo kama ilikuwa mchezo."

"Usitangaze mbio, Mama. Bantu wanasikia muzuri, kwa nini uwavuruge?" Akavuta karatasi, akaandika kidogo, akanipa. "Usome kwanza hii. Kwa ile sauti yako. Ule kaka wakimuleta Jumatatu, nitamwachilia, hata hatalala hapa."

Nikasoma. Iliandikwa kwamba kuanzia sasa kikao chochote cha watu zaidi ya watano, hata msibani, hata kwenye lubunga ambamo wazee wetu wa Kibembe wanakaa kusuluhisha mambo, kitaombewa ruhusa ofisini. Nikaitia karatasi ndani ya kitenge, nikamshukuru kwa Fanta. Nasema kweli, nilimshukuru, kwa woga.

Mwalimu Etabo nilimkuta kitandani na kikohozi chake. Alisikiliza, akasema ataenda yeye kufungwa badala ya Assani, maana daftari ni lake. Nikamwambia aache upuuzi, stoo ya nyavu ina baridi. Kuisoma karatasi kungemtoa Assani, hilo niliamini, mkubwa yule hakuwa mwongo. Na vijiji vyote vingeacha kukutana, kwa sababu Mama Komunike amesema. Kutoisoma, sikujua Assani atakuwaje Jumatatu.

"Tangaza tu kama walidanganyika, wang'oe misumari," Mwalimu akasema.

Hapo ndipo kazi yangu yote ilinisaidia, na ndiyo sababu ninawaandikia. Nilimkumbuka yule shangazi akimlilia mtu mzima. Nikaona kwamba nikiwaambia wang'oe, watang'oa, kwa utii uleule waliopigia misumari. Na Jumatatu mtu mwingine atawaambia wapige tena. Nikatoa ile karatasi nikaiangalia vizuri, juu na chini, mbele na nyuma. Haikuwa na jina. Haikuwa na sahihi wala kashe, ule mhuri wa ofisi. Mkubwa hakusahau. Alitaka sauti yangu iwe ndiyo kashe.

Saa kumi nilisoma komunike zangu. Kisha nikamkalisha Mama Wabiwa mbele ya mikro, nikawaambia wasikilizaji jina lake na kijiji chake, nikaanza kumuuliza.

"Mama, nani alileta kwenu ile amri ya milango?"

"Ni we."

"Mi nilifika kule Ubwari?"

"Hapana. Sauti yako njo ilifika."

"Chef wenu wa kijiji alisema nini?"

"Alisema kama Mama Komunike amesema, ye ni nani."

"Kuko muntu mwenye aliuliza karatasi?"

"Karatasi ya nini? Ulirudilia mara mbili."

Mtu wa mitambo alishindwa, akacheka. Mama Wabiwa naye akacheka, halafu akaanza kulia, na vyote viwili vikatoka hewani. Nikashika mikro. Nikasema ile amri haikuwa ya serikali yoyote, ilikuwa hadithi ya nchi ya kubuni, na kosa la kuisoma kama komunike ni langu, Mauwa. Nikasema siwaambii mung'oe misumari. Mkae kwenu, mzungumze, kila mtu aangalie mlango wake na mama yake. Na kule Ubwari yuko mtu anaitwa Assani amefungiwa. Waliomfungia wanajijua, wawaambie jirani zao ni kwa karatasi ya nani.

Kisha nikatoa karatasi ya pili. Nikawaambia nimepewa leo hii, haina jina, haina sahihi, haina kashe. Nikaisoma mara moja. Nikasema siirudii. Aliyeiandika aje aweke jina lake, na siku hiyo nitaisoma kama inavyostahili, ili wananchi wajue wamjibu nani.

Nilingoja kukamatwa jioni ile. Hakuja mtu. Hakuja pia mtu wa kuweka sahihi.

Ya Ubwari nilisimuliwa. Jumapili baada ya ibada akina mama walienda kwa seremala, wakakaa chini mbele ya nyumba yake, zaidi ya watano kwa hakika, wakamwomba awaonyeshe karatasi. Hawakumtukana. Waliuliza tu, mmoja baada ya mwingine, karatasi iko wapi, mpaka ugali wa mchana ukapita. Mwisho akafungua stoo. Assani alitoka amekauka midomo, akasema haendi nyumbani mpaka wale wale waliorudisha misumari kwenye mlango wa mama yake waing'oe, kwa kuwa nyundo wanazo. Wakaing'oa. Inasemekana bibi yule alijivuta mpaka kizingitini, akakaa hapo jua lote, anaangalia jiko lake.

Kazimia kuna mvuvi mmoja mzee mwenye nyumba ya mlango mmoja. Alituma ujumbe kuniuliza afanye nini, maana yeye alikuwa amekata mlango wa nyuma kusudi apate wa kupigia misumari. Nikamjibu aufungue, apate hewa. Nasikia hataki tena kuishi bila huo mlango.

Mimi nilikaa bila mikro muda mrefu. Redio ilifungwa kwa ukaguzi, ikafunguliwa, ikaambiwa mimi nipumzike. Nilipika maandazi nikauza pale sokoni, na watu walikuja kununua ili wanisikie nikisema "karibu". Mkubwa akahamishwa, mwingine akaja, nikarudi kwenye kiti changu kibovu.

Mwalimu Etabo alichoma nusu ya daftari lake. Mwisho wake wa kwanza ulikuwa kwamba serikali ya Nchi ya Ndiyo inaangushwa na askari wazuri. Akaniambia ameona aibu. Tulikuwa tumeandika serikali mbaya na wananchi wasio na kosa, na nyundo tukawa hatujampa mtu. Akaandika upya, safari hii kuna seremala, kuna komite, kuna mwanamke anayeuliza swali moja kila juma na hapati jibu, na anaendelea kuuliza. Ule ndio mchezo ambao wazazi wenu walikuwa wanaacha kazi kuusikiliza. Alifariki kabla hatujamaliza. Niliisoma komunike yake mwenyewe, na katikati ya jina lake na la baba yake nilikaa kimya kirefu kuliko ilivyoruhusiwa.

Kwa hiyo andikeni nchi mbaya, wajukuu, msiogope. Mseme ni hadithi mwanzoni, katikati na mwishoni, hata kama mnajiona wajinga. Kila sehemu wekeni mahali ambapo mtu angeweza kuuliza na hakuuliza, ili msikilizaji apate nafasi ya kumkasirikia kwa kunyamaza. Siku hizi sauti inatumwa kwa simu na kufika Fizi kabla mwenyewe hajameza mate, na nasikia kuna namna ya kutengeneza sauti ya mtu bila mtu. Nimeshasikia sauti yangu ikiuza dawa ya meno. Sijauza dawa ya meno.

Mwaka huu watu wa kituo cha afya waliniomba niende Ubwari na muuguzi wao kutangaza chanjo ya watoto, kwa sababu huko bado wananijua. Muuguzi alishuka kijiji cha kwanza na makaratasi yake, mimi nikaendelea na boti mpaka kwa akina Mama Wabiwa. Nikasimama penye watu, nikasema habari ya chanjo kwa sauti yangu ileile, vizuri, mara mbili. Wakanisikiliza kwa heshima kubwa. Kisha akasimama mwanamke kijana, mtoto wake mgongoni, akapiga goti kidogo.

"Mama Komunike, tunakupenda sana. Karatasi iko wapi?"

Nikasema muuguzi anayo, yuko kijiji cha nyuma. Nikaongeza, kwa kiburi, kwamba ni mimi ninayesema.

"Ndiyo, tunasikia ni we," akasema. "Tutatuma bantu wawili waende waione. We kaa, ukule."

Nilichukia, siwafichi. Uso uliniwaka mbele ya wale watu wote, mzee kama mimi. Nikakalishwa, nikaletewa ugali na ndagala, na nikiwa na tonge mkononi ndipo nikaelewa ni nini kilichokuwa kinanitendekea, machozi yakanishuka mpaka yule mwanamke kijana akafikiri ni pilipili. Sijawahi kupewa heshima kama ile katika kazi yangu. Wale wawili walirudi saa nane na muuguzi na karatasi. Wakaisoma wenyewe, wakaizungusha, kila mama akauliza lake akajibiwa. Halafu wakaenda kuleta watoto.